Lebo Mia Sita

Nilizing'oa mbili kwa mikono yangu,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana,
kwa sababu ya kelele.
Moja ilikoroma kama mtu aliyelala chali.
Ya pili ilibisha, tik, tik, kimya, tik,
kama mgeni ambaye hakuiona kengele.

Nilikuwa na diski mpya, nyembamba kama biskuti,
haina kinachozunguka ndani yake.
Kila kitu nilikuwa nimekihamishia humo:
mashada ya zabibu niliyochora, nembo za mashamba,
hesabu za wadeni, picha za paka aliyekufa.
Nikasema, hizi kuukuu za nini tena?
Moja nikampa Gocha wa ghorofa ya tatu,
mtoto anayekusanya sumaku.
Nyingine nikaisukumiza chini ya mashine ya kukatia karatasi,
mguu wa kushoto, pale sakafu ilipodidimia.

Nikabonyeza.
Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka.
Skrini ikakaa nyeusi, kisha ikaandika mstari mmoja
wenye adabu, usio na msaada:
hakuna pa kuanzia.

Nje mvua ilikuwa inaupiga mto Rioni.
Jumamosi asubuhi Vazha angekuja
kuchukua lebo mia sita za mvinyo wa mkwewe,
na pesa yake nilikuwa nimeshaila.

Nikazima. Nikawasha.
Nikazima, nikahesabu hadi thelathini,
kana kwamba mashine huona haya.
Nikachomoa kebo, nikazipuliza, nikazirudisha.
Nikazitoa kumbukumbu, nikazisugua meno kwa kifutio.
Nikaibandua betri ndogo, ile mfano wa sarafu,
na saa ya mashine ikarudi mwaka
ambao nywele zangu zilikuwa nyeusi bado.
Nikaingia kwenye menyu ya bluu, chini kabisa,
nikaamuru diski mpya iwe ya kwanza.
Ilikuwa ya kwanza.
Ilikuwa ya kwanza na ya pekee.
Hakuna pa kuanzia.

Usiku nikampigia Mzia,
anayetengeneza mashine za eksirei hospitalini.
Hakuuliza habari za mvua.
"Umetoa nini?"
"Takataka."
"Takataka gani, Nanuli?"
Nikamwambia. Akanyamaza kiasi cha kuwasha sigara.
"Ulipoweka mfumo kwenye ile mpya,
hizo kuukuu zilikuwa zimechomekwa?"
"Zilikuwemo."
"Basi nyumba umeihamisha.
Mlango umeuacha kule."

Nilipanda ngazi na ndara zikiwa zimelowa.
Gocha alikuwa ameshaipasua.
Sumaku mbili zimeng'ang'ania jokofu la mama yake,
na sahani ya ndani, safi kuliko kioo changu,
ikanionyesha kidevu.
"Hii ilikuwa ikikoroma," nikauliza, "au ikibisha?"
Akanitazama kama ninavyowatazama
wateja wanaotaka rangi ya dhahabu kwa bei ya nyeusi.

Ikabaki ile ya chini ya mguu.
Nikapiga magoti. Nikaivuta,
mashine ya kukatia ikaguna, ikainama.
Nikaifuta vumbi kwa upindo wa gauni,
nikaichomeka bila skrubu, ikining'inia kwa waya zake.
Methali ya mbachao na msala niliijua tangu utoto;
sikujua kama mbachao huweza kuwa na waya.

Tik.
Tik.
Kimya kirefu, nikaanza kutafuta la kumwambia Vazha.
Tik, na zabibu zangu zikajitokeza zote, shada kwa shada.
Siku zote nilidhani ni mgeni anayebisha.
Kumbe ndio mlango wenyewe.

Mzia anasema Jumapili atakuja na flashi,
ajenge mlango mwingine upande huu, kazi ya nusu saa,
kisha hiyo niitupe.
Nimesema sawa.

Usiku ule ule nilichapa, nikakata hadi saa kumi.
Vazha alihesabu, akashukuru, akaondoka,
wala hakuona kwamba lebo zote mia sita
zimeinama kidogo upande wa kushoto,
kama watu wanaotega sikio mlangoni.