Kisanduku cha Hapana

Miaka mitatu nimekaa Kizota, nyuma ya dirisha la mizani,
nikipokea jasi kutoka Itigi.
Kila lori na fomu yake, kila fomu na swali la kumi na nne:
Je, kuna kazi ya shuruti katika malighafi hii?
Ndiyo. Hapana.
Natia tiki kwenye Hapana.
Kalamu imeizoea njia kama punda wa maji.

Sikuwa nadanganya. Sikuwa najua.
Mawili haya hulala kitanda kimoja.

Jumatatu ile Masinga alimwaga tani kumi na nane,
na katikati ya mabonge
ikachomoza karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne,
mwandiko wa mtu mwenye subira:

Bukuru. Nauli Kasulu hadi Itigi, elfu sitini.
Koleo, elfu kumi na tano.
Maji, ndoo mia tano, siku thelathini na moja.
Dawa ya kuhara, elfu tatu.
Kulala, elfu kumi.
Amechimba: elfu arobaini.
Deni linaendelea.

Nikajumlisha kwa mashine ya ofisi, mara mbili.
Alifika akidaiwa sitini.
Baada ya mwezi wa koleo anadaiwa sitini na tatu na mia tano.
Hesabu ilikuwa sahihi.
Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikapanda lori likirudi tupu. Bahi, Manyoni,
kisha vichaka vile ambavyo hata mbuzi huingia kwa kufikiri.
Wakala akanipokea kwa soda.
"Hawa vijana wangu, dada. Nani umemwona na kamba?"
Kweli, kamba sikuiona.
Niliona kopo la biskuti,
ndani yake vitambulisho kumi na moja, vimebanwa na mpira.
"Nawatunzia, visipotee."

Bukuru alikuwa mweupe hadi kwenye viwiko.
Hakuniuliza habari ya mshahara.
Aliuliza habari ya Butoyi, pacha wake,
waliyetenganishwa stendi, akapakiwa gari jingine:
"Alipelekwa kiwanda gani?"
Mimi nina orodha ya wauzaji, simu zao, namba zao za mlipakodi.
Ya watu sina.

Usiku, nyumba ya wageni Manyoni, usingizi ukanikataa.
Nikakumbuka kikao cha Machi:
nilikuwa nimeshusha bei ya tani kwa elfu saba.
Mkurugenzi akasema, makofi kwa Nyemo.
Wakapiga. Nikainuka, nikainama kidogo, nikatabasamu.

Ile elfu saba ilitoka wapi?
Si kwa mwenye lori; dizeli haibembelezwi.
Si kwa wakala; kitambi chake nimekiona.
Bei ni kama maji, hufuata mteremko.
Ilishuka, ikashuka,
ikatuama kwa yule asiye na mtu wa kumshushia.

Afisa kazi alikwenda, na polisi wawili. Kopo likafunguliwa.
Mimi nikarudi kwenye fomu.
Namba kumi na nne nimeifuta. Nimeandika:
Kitambulisho chako kiko mfukoni mwa nani?
Nauli yako alilipa nani, na anakudai mpaka lini?
Ukitaka kuondoka kesho asubuhi, nani atasimama mlangoni?
Yaulizwe shimoni, wakala akiwa mbali,
kwa Kiha, kama Kiswahili kinamkaba.
Na la mwisho, la kujibiwa na sisi wenyewe:
Kwa bei hii, aliye chini kabisa anakula nini?

Mhasibu anasema nauvunja mnyororo wa ugavi.
Tazama neno alilolichagua.

Lori jingine liko mizani sasa, injini inanguruma,
dereva ananipigia honi.
Swali la mwisho halijajibiwa. Kalamu nimeilaza.

Jioni, Nkuhungu, nalala chali.
Dari yangu ni ya jasi, mraba kwa mraba, nyeupe,
niliinunua kwa bei ya mfanyakazi.
Mwanangu anauliza nahesabu nini huko juu.
Kumi na moja vimerudi kwa wenyewe.
Cha Butoyi hakikuwamo koponi.