Fundi Nyevu Amjibu Lali Famau

Umeniuliza, Lali, nikujibu bila kupaka rangi:
katika magari matatu aliyoyaacha Mwitaliano wa Kasuarina
chini ya turubai, pamoja na paka na bili ya maji,
ununue lipi, ukimbie nalo Agosti
kwenye barabara ya mabwawa ya chumvi, Gongoni,
mizunguko kumi, zawadi kikombe cha bati
na mbuzi ambaye hadi leo hakuna aliyemwona.

Kwanza nikucheke kidogo, kisha nifanye kazi.
Wewe ni mtu wa Lamu. Umekulia
pale ambapo kona hukatwa kwa bega
na honi ni koo la mwenye punda: "Simile! Simile!"
Leseni uliipata ukiwa na mvi,
na wateja wa duka lako la dawa hawajui
kwamba usiku unalala na kitabu cha pistoni.

Haya. Alfa kwanza, maana najua macho yako yako wapi.
Nyekundu, ndiyo. Hata rejeta yake inajijua ni nzuri.
Kabureta mbili zinavuta pumzi
kama mpiga mbizi aliyekawia kuibuka.
Kwenye kona inakuuliza, "Una hakika?"
na ukisita, inajijibu yenyewe.
Lakini gia ya pili ni mgonjwa tangu kuzaliwa:
ukiiharakisha, inasaga meno.
Nimegonga sakafu kwa kipini cha bisibisi,
kikapita.
Nikaiona sandali yangu.
Hewa ya Malindi imeila kimyakimya, kuanzia chini,
ikaiachia uso wa harusi.

Ile ya buluu isiyo na paa, Fiat, usiidharau.
Alfa ni birika la wageni; hii ni sufuria ya kila siku.
Vipuri utavipata Mombasa, kwa jamaa wa Kibokoni
anayepanga bei kwa kutazama viatu vyako.
Roho yake ni mkanda wa injini: ukikatika,
vali na pistoni hupigana ngumi
nawe unarudi nyumbani kwa miguu.
Nimeshaubadilisha. Breki zinashika.
Kwenye matuta mwili unatikisika kidogo,
kama mtu anayecheka akiwa ameshiba.
Mizunguko tisa utaiona haina utamu.
Wa kumi, wenzako wakiwa wamefungua boneti kando ya njia,
utaishukuru.

Imebaki Lancia, ya rangi ya chai ya maziwa,
uliyoipita mara mbili bila kugeuza shingo.
Silinda zake nne zimebanana
kama ndugu wanne kitanda kimoja, vichwa huku, miguu huku.
Inavuta kwa mbele. Pua nzito:
ingia kona kwa pupa, itakataa kugeuka,
itayatazama maji ya chumvi kwa hamu.
Lazima uilegezee mafuta, uigeuze mapema,
halafu ukanyage kabla hujaamini.

Nayajua haya kwa mikono.
Mwitaliano alipokuwa akilala mchana
baba alikuwa akiitoa "kujaribu breki,"
mimi miaka kumi na mmoja, mto chini ya makalio,
usukani mkubwa kama ungo wa mama.
Matusi yote ya Kiitaliano ninayoyajua
niliyaokota kati ya kituo cha mafuta na daraja la Sabaki,
baba akinitukana kwa lugha ya tajiri wake
ili Kigiriama kibaki safi.

Basi jibu langu: nunua Fiat.
Ukitaka kupigwa picha, nunua Alfa, ujifunze kuchomelea.

Lancia haiuzwi.
Nilimalizana na mwana wa marehemu Jumanne,
nusu taslimu, nusu deni lao la gereji la miaka sita,
na paka juu.

Kwa hiyo Agosti, Lali, kwenye kona ya bwawa la tatu,
ukisikia kitu cha rangi ya chai kinakujia kwa ndani,
usitafute honi. Sina honi, waya umeoza.
Nitateremsha kioo
nikuite kwa lugha ya kwenu:
Simile.