Mistari Husimama

Kwenye atlasi ya darasa la sita, shuleni Kongwa,
nchi ya baba ilikuwa tundu la kifungo
kwenye koti la mtu mwingine.
Niliifunika kwa ncha ya kidole. Ikaisha.
Mwalimu akasema: Pulengi, ondoa kidole, wenzako hawaoni.

Ndilo jina langu, Pulengi.
Si la Kigogo, na padri hakulikuta kitabuni mwake.
Karani wa vizazi na vifo aliliongezea i mwishoni
lisije likaanguka.

Baba alikuja na wenzake wa kusini,
wakapiga kambi pale Mwingereza alipofukia karanga zake
zikakataa kuota.
Mama aliwauzia maziwa. Mengine hakusimulia.
Alisema tu kwamba aliicheka baridi yetu,
na usiku alipoondoka na lori
aliacha blanketi la sufu lenye mahindi yaliyofumwa,
makubwa, ya kahawia, na mistari kandokando.

Nimepima mahindi Kibaigwa miaka thelathini na mmoja.
Gunia lililotiwa mchanga nalijua kwa kukaa kwake.
Blanketi lile sikuwahi kujua uzito wake.

Sasa mjukuu wangu Nyemo anasoma chuo Dodoma,
na chumbani mwake yumo binti wa huko, Lineo,
mrefu, anayecheka akificha meno.
Pasaka walikuja. Nikachinja kuku, nikapika mlenda,
nikamuuliza habari za kwao
kama mwizi anavyouliza bei.

Akaeleza huku akimenya karanga.
Kwetu, bibi, mahali pa chini kabisa
pako juu kuliko stesheni yenu ya Dodoma.
Theluji huanguka Juni, wachungaji wakiwa juu ya farasi.
Akaeleza vita vilivyowafukuza watu tambarare
hadi kwenye mlima mmoja wenye kilele bapa,
ambao, husema, hurefuka usiku
adui akiukaribia.
Akaeleza njaa. Watu walikula watu.
Walimla babu yake mfalme.
Walipoletwa mbele yake, kila mtu akisubiri mkuki,
mfalme akasema: hawa ni kaburi la babu yangu,
nani hufukua kaburi la babu yake?
Akawapa ng'ombe.

Nikanyanyuka kwenda kutazama sufuria
ambayo haikuwa motoni.

Nasi tulikuwa na njaa yetu, Mtunya.
Bibi yake mama alitoka Mvumi na watoto wanne,
akafika na mmoja.
Wawili walibaki njiani. Wa tatu
alibadilishwa kwa debe la uwele.
Wajukuu wa mwenye debe tunakaa nao benchi moja kanisani,
tunapeana amani,
na mkono wangu kila Jumapili huchelewa kidogo.

Na Pulengi? nikauliza, kama jambo dogo.
Pula ni mvua, akasema.
Puleng ni mvuani. Aliyezaliwa ikinyesha.
Mvula, nikasema kwa Kigogo.
Pula, akasema.
Mvula.
Tukawa kama watu wawili wanaopokezana ndoo.

Mama aliwahi kunihadithia mwaka ule:
mvua ilichelewa mpaka Januari,
ikaja usiku mmoja, paa la tembe likavuja,
mkunga akaomba beseni mbili.
Hakusema kwamba alikuwa akinitafsiria jina.

Nikalitoa blanketi sandukuni, nikajitanda
kama mama alivyojitanda maisha yake yote.
Lineo akasimama, akalizungusha mabegani mwangu.
Umelilaza, bibi. Mistari husimama.
Ikilala, mtu hakui.
Nina miaka hamsini na minane, nikamwambia.
Hata hivyo, akasema.

Jumanne nilikwenda nalo mizani, mistari wima,
kwenye jua la Aprili.
Wapagazi wakaniuliza kama nimepima malaria.