Sugu

Sampuli ya kumi na saba: usaha wa kidonda,
mguu wa kushoto wa Yaledi Nhembo, mpalizi wa zabibu, Hombolo.
Jana niliipanda kwenye sahani, nikaiwekea vidonge sita vya karatasi,
kila kimoja na dawa yake,
nikaenda zangu Chang'ombe kupanga ndoo bombani.

Asubuhi nilitaraji kuona duara tupu kuizunguka kila dawa,
kama uwanja uliofagiliwa.
Vitano havina uwanja.
Bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi,
wamebanana kama uwele mwaka wa mvua.

Nikadondosha kipimo, cha njano.
Nikahesabu. Kabla sijafika thelathini
njano imekuwa nyekundu, nyekundu ya vumbi la Ihumwa.

Basi yumo. Kimeng'enya.
Sijapata kumwona, namjua kwa kazi yake.
Dawa ina pete, pete ya pembe nne,
imekazwa kama mtego wa panya
na ukali wake wote uko kwenye kule kukazwa.
Yeye huikumbatia, huitia maji
(si ndoo, si kikombe, chembe moja ya maji)
pete ikafyatuka, mtego umekufa.
Huiachia. Hajachoka, hajachubuka.
Hushika nyingine, na nyingine,
mamia, kabla sijapepesa jicho.

Maji! Katika mji huu
tunaokesha tukisubiri bomba likohoe,
kuna fundi anashinda vita kwa chembe moja.
Na bwana wake si mchoyo: ramani ya kumuunda
humpitishia jirani, hata asiye wa ukoo.

Yaledi alifuata majibu mwenyewe.
"Nilimeza," akasema. "Vinne. Maumivu yakakata,
vilivyobaki nikawakorogea kuku."
Sikumkaripia.
Kabatini kwangu ipo pakiti iliyokatwa nusu.

Alipopokea karatasi nikaona kiganja chake:
sugu nne chini ya vidole, kazi ya mpini.
Neno ni lile lile nililoandika mbele ya dawa tano,
na kiganja nacho hakikuzaliwa hivyo.
Kiliguswa, kikaguswa tena,
hakikumalizwa.

Dawa ya sita, ya sindano, ya bei,
duara lilikuwepo. Jembamba.
Nimelipima kwa rula mara mbili,
mara ya pili nikiinamisha kichwa
ili lionekane kubwa.