Nyuso Nne

Mshale unaelekeza saba, sisi tunasoma moja.
Hivyo ndivyo Iringa ilivyoupokea mnara:
mgeni tulimkaribisha, jina tukampa letu.
Asubuhi ya kwanza, baridi ya Julai ikiuma masikio,
watu walisimama na mablanketi mabegani
wakimtazama fundi akipachika uso wa mwisho,
na bibi mmoja wa Ilula, mzigo wa vitunguu kichwani,
akauliza: "Dude hili linakula nini?"
Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali zuri.

Lilikula kila Jumamosi.
Baba yangu, Atanasi Kihwele, akitoka Kihesa kwa miguu,
ufunguo wa shaba umefungwa kiunoni kwa kaniki,
alipanda vidato sabini na viwili
kulilisha mizunguko arobaini,
kisha akashuka, viganja vinanuka grisi,
akanunua hindi la kuchoma upande wa soko.

Kabla ya mnara tulikuwa na jogoo,
na kivuli cha ukuta wa misheni,
na ukungu unaoinuka Ruaha Mdogo ukaenda zake.
Mtu alifika alipofika.
Mnara ulileta lami, ukaleta taa tano,
ukaleta karani mwenye daftari jekundu
na neno ambalo mama alilitema kama ganda la mbegu:
umechelewa.
Mama, msukaji wa vikapu vya milulu,
ambaye kwake kikapu kilikwisha kilipokwisha,
alitozwa faini ya kizimba
kwa dakika ishirini.
Aliinua macho, akautazama mnara kwa muda
kama unavyomtazama mkwe uliyeletewa bila kuulizwa.

Lakini ngoja. Nyuso zilikuwa nne,
mashine ilikuwa moja, nayo ilizeeka.
Uso wa benki ulikimbia.
Uso wa msikiti ulibaki nyuma kidogo, kwa adabu.
Uso wa stendi ulifuata mabasi, yaani haukufuata chochote.
Na uso wa soko, mwaka ule mvua zilipong'oa daraja,
ulisimama saa tatu na dakika kumi
ukakataa katakata.
Mji ukajigawa.
"Saa ngapi?"
"Ya benki au ya soko?"
Wapo waliokopa kwa saa ya benki wakalipa kwa saa ya soko.
Binti wa mzee Chengula aliolewa kwa saa ya stendi;
bwana harusi alikuja kwa ya benki,
akaketi peke yake na maua. Wangali pamoja.
Mama akahamishia vikapu vyake chini ya uso uliosimama.
Pale, alisema, hakuna anayechelewa.

Baba hakulipenda hilo.
"Mji unaotaka kuwa jiji
hauwezi kukaa saa tatu milele."
Akapanda Jumatano, siku isiyo yake,
bisibisi mfukoni, tochi mdomoni.
Sijui alifanya nini kule juu.
Uso wa soko ulitembea dakika kumi na moja,
ukasimama tena.
Alishuka akijifuta mikono, akasema: "Umechagua."
Hakupanda tena. Kifua. Mvua za Machi zilimkuta kitandani,
zikaondoka naye.

Sasa wameweka ya betri. Inaulizia saa kwa setilaiti,
na nyuso zote nne hujibu kwa pamoja
kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi.
Usiku zinawaka buluu, ukiwa juu ya Gangilonga unaziona.
Ni nzuri. Sisemi si nzuri.
Vijana hawainui shingo, wana simu.

Ufunguo ninao. Unazuia mlango wa jiko
upepo wa Agosti unapokuja na vumbi lake.
Mama, macho yamefifia, bado anasuka kwa vidole.
Jana aliniuliza saa ngapi.
Nikachungulia simu, nikamwambia:
tatu na dakika ishirini na moja.
Alicheka mpaka milulu ikamponyoka.
"Kumbe," akasema, "baba yako alifika."