Mgeni Asione Yote

Saa nane usiku, Igogo, ghorofa ya pili,
feni zinavuma kama mtu aliyekataa kulala.
Mgeni wangu hana mwili. Ana hesabu tu:
kilo za sangara, majina ya mitumbwi, madeni ya barafu.
Anaishi ndani ya mashine mpya,
na juzi, nilipomhamishia ile kuukuu ya Sengerema,
alianguka mlangoni.

Kosa langu. Nilimfungulia prosesa nzima,
kila amri, hata zile za kupiga hesabu nane kwa mkupuo.
Akazizoea. Kule akaziita, hakuna aliyeitika.

Leo nafuta, mstari kwa mstari.
Sifa hii, zima. Hii, zima. Hii iache:
inafunga siri, na ile kuukuu inayo.
Kibaki kile tu kilichomo nyumba zote mbili.

Shangazi Nyamizi, Pasiansi, miaka yangu ya shule:
jiko la gesi lilikaa nyuma ya pazia la maua.
Mimi nilipewa la mkaa, na masizi yake.
Nilimwita mchoyo, kimoyomoyo, miaka minne.
"Likizo unarudi Ukara," alisema mara moja tu,
akipepea.

Nawasha upya. Mgeni anauliza: mna nini humu?
Mwenyeji, bila kupepesa jicho, anataja nusu.
Namhamisha.
Kutoka Sengerema jibu linavuka maji: yu hai,
anajumlisha kilo kana kwamba hajasafiri.

Mgeni katulia.
Mimi bado naliwaza lile pazia.