Orodha Ndani ya Kifuniko

Gocha, leo nimeifungua mashine yako,
ile ndogo, upana wa kitabu cha sala:
skrubu tatu, na pengo la nne uliliziba kwa selotepu.
Ndani, vumbi la miaka sita na unywele wa paka
ambaye mimi sikumkuta.

Tinatin analalamika: chai inapoa
kabla michoro yake ya majengo haijafunguka.
Hakuniomba mimi. Alimwambia mama yake,
kwa sauti ya kunifikia.

Basi nikashuka ghorofa tisa kwa miguu. Lifti za Gldani unazijua,
usipozilisha sarafu hazisogei,
nami sikuwa na hata tetri kumi.
Soko la Eliava, nyuma ya wauza radieta na milango ya magari,
Bondo hupanga prosesa kwenye trei za mayai.
“Nipe ya kizazi cha nane,” nikasema,
maana nane ni zaidi ya sita.
Akanitazama juu ya miwani. “Bodi yako inaijua?”
Nikamjibu tundu ni lile lile.
Akahesabu pesa zangu bila kubishana.

Na kweli, tundu ni lile lile.
Ilikaa. Mkono mdogo wa chuma ukalala juu yake.
Ningeapa mbele ya kasisi.
Feni ikazunguka, ikasita, ikazunguka, ikasita,
kama mtu asiye na hakika kuwa ni yeye aliyeitwa.
Kioo kikabaki cheusi.
Tinatin alikuwa mlangoni anakula tofaa.
Akalimaliza, akaondoka.

Kuingia si kupokewa.
Hilo ningelijua zamani, mimi
niliyefika hapa na sanduku moja na ndara zangu mwenyewe,
kiti kikanitosha, ndoano ya koti ikanitosha.

Nilipokuwa nafunga, kwa hasira, ndipo nikakigeuza kifuniko.
Mwandiko wako, kalamu nene, herufi zimelalia kushoto:
prosesa nne zinazotambuliwa na bodi hii,
bei ya kila moja kwa lari za wakati ule,
na chini, mistari miwili imekolezwa:
WATI 35, USIZIDISHE. FENI HII INAJIKAZA TU.
Ya tatu umeizungushia duara.
Pembeni yake: baada ya meno ya Tina.

Mzevinar sijamwonyesha.

Bondo aliposikia namba kamili, akavua miwani.
“Kumbe una mtu wa kukuelekeza.”
Nikasema ninaye.
Akapekua trei ya chini kabisa: kizazi cha sita, viini vinne,
herufi T mwishoni, ile isiyopenda makeke.
Bei haifiki nusu ya uliyoandika.
Ndivyo vitu vilivyo, Gocha. Ukivingoja sana, huwa rahisi.

Nikabandua dawa ya joto iliyoshika kama ukoko wa uji,
nikatia mpya, kiasi cha punje ya dengu.
Pembetatu ya dhahabu nikailinganisha na alama yake,
nikaiacha ishuke yenyewe. Haisukumwi, unajua.

Mlio mmoja mfupi.
Kisha bahari ya Batumi, picha uliyoiweka wewe,
na jina lako juu ya kisanduku cha nywila.
Tinatin akavuta kiti.
Nikageukia dirishani: mashati ya jirani yameganda kambani,
mikono imekakamaa, hayamkumbatii mtu.
Vidole vyake vikagonga mara kumi na moja.
Nilihesabu bila kutaka.
“Sasa ina kasi,” akasema.
Aliiambia mashine, au mimi, sijui.

Prosesa yako ya zamani ameichukua,
ameilaza ndani ya kiberiti kitupu.
Skrubu ya nne nimeinunua.
Imo mfukoni, pamoja na sarafu za lifti.
Sijaifunga.
Selotepu yako bado inashika.